Walinzi wa Bi. Pankhurst: Jujitsu Katika Mapambano ya Kura

Edith Garrud alikuwa na kimo cha sentimita 150 hivi. Alizaliwa mwaka 1872 mjini Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, akakulia Wales, na mwaka 1893 akaolewa na William Garrud, mwalimu wa mazoezi ya viungo. Wakahamia London na kuishi kwa kazi hiyo hiyo ya kufundisha watu kunyoosha mwili. Miaka 20 baada ya harusi yake, mama huyu mdogo wa umbo ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanawake wenzake, mafichoni, namna ya kumbwaga askari polisi aliyewashika mkono.

Habari zake zimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho, na nadhani huko ni kumkosea heshima. Ndani yake mna jibu la swali analojiuliza kila mtu anayetaka kujifunza kujihami kwa dhati: ni mafunzo gani yatakayomfaa siku ya siku, pale anayemkabili ni mzito kuliko yeye, ana hasira, na hana nia ya kufuata kanuni zozote? Ili kulipata jibu hilo inabidi tuanze nyuma kidogo, na mtu mwingine kabisa.

Mwaka 1898 mhandisi aitwaye Edward William Barton-Wright alirejea London baada ya kufanya kazi Japani. Aliikuta London yenye hofu. Magazeti ya kiangazi kile yalijaa habari za magenge ya vijana waliowavamia wapita njia, na watu wa tabaka la kati walitaka kujua wafanye nini wakivamiwa usiku wakiwa na mwavuli tu mkononi. Waingereza walikuwa na ndondi zao, lakini ndondi kwa wakati huo zilikuwa zimekwisha kuwa mchezo wenye glavu, mwamuzi na raundi. Mvamizi wa uchochoroni hangoji kengele.

Barton-Wright alikuwa amejifunza jujitsu huko Japani. Akaichanganya na ndondi, na mateke ya Kifaransa, na namna ya kupigana kwa bakora iliyobuniwa na Mswisi Pierre Vigny, kisha mchanganyiko huo akaupa jina lililotokana na jina lake mwenyewe: Bartitsu. Mwaka 1899 aliueleza kwa makala na picha katika jarida la Pearson's Magazine, na baadaye akafungua klabu katika barabara ya Shaftesbury, mtaa wa Soho. Wazo lake lilikuwa la busara. Adui anaweza kukujia kutoka mbali, akafika karibu, akakukumbatia na kukuangusha chini, na kila hatua ina mbinu yake. Anayejua mbinu ya hatua moja tu atashindwa pale pambano litakapohamia hatua nyingine.

Klabu yenyewe haikudumu. Kufikia 1902 ilikuwa imefungwa. Lakini kabla ya kufungwa ilikuwa imewaleta London vijana wawili kutoka Japani, na hao ndio walioacha alama: Yukio Tani, aliyefika mwaka 1900 akiwa kijana wa miaka 19 hivi, na Sadakazu Uyenishi.

Tani alichukuliwa na William Bankier, baunsa wa Kiskoti aliyejulikana jukwaani kwa jina la Apollo, wakazunguka katika majumba ya burudani nchi nzima. Utaratibu ulikuwa huu: mtu yeyote katika hadhira, awe mwanamieleka, mchimba makaa au mwanajeshi, aliruhusiwa kupanda jukwaani na kupambana na Tani, na akiweza kustahimili dakika zilizotajwa bila kusalimu amri, alipewa fedha. Sharti lilikuwa moja kubwa, mpinzani avae koti la jujitsu, na sharti hilo lilimpa Tani faida, kwa kuwa koti ndilo alilolishika. Hata hivyo wale waliopanda hawakuwa waigizaji. Walikuja kushinda, wengi wakiwa wamemzidi uzito kwa mbali, na usiku baada ya usiku walipiga mkono chini kuomba waachiwe.

Hapa ndipo jujitsu ilipopata jina London. Watu hawakuiamini kwa sababu ya hadithi za samurai au picha katika majarida. Waliiamini kwa sababu walimwona mtu mdogo akikabiliana na mtu mkubwa anayekataa kwa nguvu zake zote. Kuna mitindo mingi ya mapigano duniani ambayo haikuwahi kujaribiwa hivyo. Mwalimu anashambuliwa na mwanafunzi wake mwenyewe, kwa ngumi iliyopangwa, na mwanafunzi anaanguka kwa sababu ndivyo walivyokubaliana. Hupendeza kwa macho, na humpa mwanafunzi ujasiri wa uongo, ambao ni hatari kuliko woga wa kweli.

Uyenishi naye alichagua njia ya utulivu zaidi. Mwaka 1903 alifungua shule katika Golden Square, namba 31, hapo hapo Soho, na mwaka 1905 akatoa kitabu cha kufundishia. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo William na Edith Garrud. Uyenishi alipoondoka Uingereza mwaka 1908, mume na mke hao waliirithi shule. William alifundisha wanaume, na Edith akachukua madarasa ya wanawake na watoto.

Mwanafunzi wa jujitsu huanza kwa kujifunza kuanguka. Anaanguka ubavu, anaanguka kinyumenyume, anapiga mkeka kwa mkono ili kupunguza kishindo, mpaka mwili unaacha kuogopa sakafu. Wageni huliona somo hili la kuchosha, lakini mtu anayeogopa kuanguka hukakamaa, na aliyekakamaa ni rahisi kubebwa. Baadaye huja kumyumbisha mwenzako. Msukume, naye atakusukuma; acha ghafla, mvute kule kule anakoelekea, weka mguu wako mbele ya wake, na uzito wake mwenyewe utamwangusha. Kisha kuna kunyonga viungo: kiwiko kinachopindishwa kinyume, kifundo cha mkono kinachogeuzwa, kidole kimoja kinachofuatwa na mwili mzima. Misuli ya mtu mnene haimsaidii sana kiwiko chake kikishafika mwisho wa mzunguko wake. Mwisho kabisa, na bila hili yote yaliyotangulia ni ngoma tu, mwanafunzi hushindana na mwenzake asiyekubali kuangushwa.

Kwa wanawake waliokuja Golden Square wakiwa wamezoea sketi ndefu na kubana kiuno, ile hali tu ya kumshika mtu kwa nguvu na kushikwa ilikuwa jambo jipya. Walilelewa kuambiwa kuwa miili yao ni dhaifu. Edith aliwaonyesha, kwa kimo chake cha sentimita 150, kwamba udhaifu mwingi walioambiwa kuwa wameumbwa nao ulitokana na kutofundishwa.

Siasa zikaingia shuleni. Wanawake wa Uingereza walikuwa wakidai haki ya kupiga kura kwa maombi na mikutano kwa miaka 40 hivi. Mwaka 1903 Emmeline Pankhurst na binti zake walianzisha mjini Manchester Umoja wa Kijamii na Kisiasa wa Wanawake, wakisema kuwa wakati wa kuomba umepita. Wakawa wanaingia katika mikutano ya mawaziri kuuliza maswali, wanatolewa kwa kuburutwa; wanakwenda Bungeni kupeleka malalamiko, wanazuiwa na polisi. Katika mikutano yao wenyewe vijana wa kiume walivamia majukwaa, wakawararua nguo na kuwapiga.

Edith alijiunga na wapigania kura na kuanza kuwafundisha. Kwa simulizi yake ya uzeeni, mara ya kwanza ilikuwa bahati tu. Viongozi wa umoja walimwalika mumewe kuonyesha jujitsu, siku ilipofika mume akawa mgonjwa, na Bi. Pankhurst akamhimiza Edith apande jukwaani mwenyewe. Alizungumza kidogo, kisha akamkaribisha askari mmoja mnene aliyekuwa akilinda mlangoni ajaribu kumshika. Askari akapanda, na akaenda chini mbele ya watu wote. Mwezi Machi 1910 aliandika makala ya kujihami katika Votes for Women, gazeti la umoja huo.

Julai mwaka huo jarida la vichekesho la Punch lilichapisha katuni ambayo hadi leo haikosekani katika kila habari ya Edith Garrud. Mwanamke mdogo mwenye kofia amesimama peke yake, mikono tayari, na mbele yake polisi wamerundikana kwa woga. Wengine wamekwisha kubwagwa. Ni katuni nzuri, na wanawake wenyewe waliifurahia. Lakini ilidanganya, na uongo wake ulidumu miezi minne tu.

Ijumaa tarehe 18 Novemba 1910, serikali ya Waziri Mkuu Asquith ilipouacha muswada ambao ungewapa kura baadhi ya wanawake, wanawake wapatao 300 waliandamana kwenda Bungeni kwa makundi madogo madogo. Mbele alikuwa Bi. Pankhurst, na pamoja naye Elizabeth Garrett Anderson, daktari mwenye umri wa miaka 74. Siku zilizopita polisi walikuwa wakiwakamata haraka na kuwapeleka mahakamani. Siku ile hawakuwakamata. Kwa muda wa saa sita waliwarudisha nyuma kwa ngumi na mateke, wakawainua na kuwatupa katikati ya wanaume waliokusanyika kutazama, wakawapinda mikono na vidole. Rosa May Billinghurst, mwenye ulemavu wa miguu, alisukumwa na kiti chake cha magurudumu hadi uchochoroni, kisha polisi wakang'oa vali za matairi na kumwacha huko. Waliokamatwa mwishowe walikuwa 119, na kesho yake mashtaka yakafutwa. Mwandishi Henry Brailsford na daktari Jessie Murray walikusanya ushahidi wa watu 135, karibu wote ukieleza ukatili, na 29 kati yao ukieleza kudhalilishwa kimwili kwa namna ya kingono. Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alikataa kuunda tume ya uchunguzi. Siku ile ikaitwa Ijumaa Nyeusi.

Katika msukosuko wa namna hiyo, mbinu ya mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja haifiki mbali. Unaweza kumwangusha askari wa kwanza kwa ufundi kamili, na wa pili akakushika nywele kwa nyuma. Ukimfuata uliyemwangusha hadi chini ili umnyonge mkono, unakanyagwa. Wanawake walilielewa hilo kwa maumivu, na walianza kwa jambo dogo: wakawa wanavaa vipande vya kadibodi chini ya nguo ili kukinga mbavu. Edith aliendelea na madarasa, na shule yake, ambayo baadaye ilihamia karibu na barabara ya Regent, ikawa pia maficho. Alisimulia kuwa wanawake waliovunja vioo vya maduka walikimbilia kwake, wakaficha nyundo na mawe chini ya sakafu, wakavaa mavazi ya mazoezi, na polisi walipofika walikuta darasa linaendelea na mwalimu akiwaomba watoke kwa kuwa mabibi hawakuvaa nguo za kupokelea wageni.

Si kila kitendo cha umoja ule kinastahili kusifiwa. Kati ya 1912 na 1914 baadhi yao walichoma nyumba tupu na kutega mabomu, na watu wangeweza kufa. Mwezi Aprili 1913 Bi. Pankhurst alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kuchochea mlipuko katika nyumba iliyokuwa ikijengwa kwa ajili ya waziri Lloyd George. Alipofika gerezani aligoma kula, kama walivyogoma wenzake tangu 1909. Serikali ilikuwa ikiwalisha wagomaji kwa nguvu, kwa mpira uliopitishwa puani au kooni, na umma ulianza kuchukizwa. Basi mwezi huo huo ikapitishwa sheria mpya: mfungwa aliyedhoofika kwa njaa aachiwe akapone nyumbani, na akipata nguvu akamatwe tena amalizie kifungo. Watu wakaiita Sheria ya Paka na Panya.

Sheria hiyo ndiyo iliyozaa Walinzi. Kila Bi. Pankhurst alipotoka gerezani, akiwa hawezi hata kusimama vizuri, ilibidi watu wamzunguke asikamatwe tena kabla hajahutubia. Wakachaguliwa wanawake wapatao 30, wakiongozwa na Gertrude Harding, mzaliwa wa Kanada. Edith Garrud akawa mwalimu wao. Walifanya mazoezi katika vyumba vya chini na kumbi zilizobadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa wapelelezi waliwafuata. Chini ya sketi walining'iniza marungu ya mbao, yale yaliyotumika katika mazoezi ya viungo ya siku zile.

Mafunzo yao yalikuwa yamebadilika tangu enzi ya Golden Square, na mabadiliko hayo ndiyo kiini cha habari hii. Adui alijulikana sasa. Hakuwa mhuni wa kubuni anayetokea gizani. Alikuwa askari wa London, mzito, mwenye koti nene na kirungu, anayefanya kazi na wenzake, na mwenye lengo moja, kumfikia mama mmoja na kumtia mbaroni. Walinzi hawakuhitaji kumshinda. Walihitaji kumchelewesha. Kumfungua mkono ulioshika, kumyumbisha, kumwangusha mmoja ili watatu walio nyuma yake wajikwae, kisha kuondoka. Na kando ya viungo wakaweka akili: magari ya kupoteza nyayo, barua za siri, na mwanamke wa kumwigiza kiongozi.

Haya yalionekana vizuri tarehe 10 Februari 1914, katika Campden Hill Square, magharibi mwa London. Bi. Pankhurst alihutubia umati kutoka roshani ya nyumba, akawaambia polisi wazi kwamba atatoka. Muda si mrefu mlango ukafunguliwa, mama mmoja mwembamba aliyejifunika uso akatoka amezungukwa na Walinzi. Polisi wakawarukia, marungu yakatoka, watu wakaumia pande zote mbili, na hatimaye yule mama akabebwa kwa shangwe hadi kituoni. Walipofunua uso wake hawakumkuta Bi. Pankhurst. Yeye alikwisha kutoroka.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Machi, alitangazwa kuhutubia Glasgow, katika ukumbi wa St Andrew's Halls. Polisi waliuzunguka ukumbi. Walinzi walikuwa wamesafiri kutoka London, wakakaa nyuma ya mzungumzaji jukwaani kama wageni waalikwa. Mbele ya jukwaa palipambwa kwa mataji ya maua, na ndani ya maua mlikuwa na seng'enge. Bi. Pankhurst aliingia akiwa amechanganyika na wasikilizaji wengine, akapanda, akaanza kusema. Hakufika mbali. Polisi waliingia kwa wingi na kukimbilia jukwaani, wa kwanza wakaacha ngozi ya viganja katika maua. Vyungu na viti vilirushwa, marungu yakakutana na virungu, na Janie Allan, mwanamke wa ukoo tajiri wa mji ule, akafyatua bastola iliyojazwa baruti tupu. Walinzi hawakufika hata thelathini, polisi waliwazidi. Bi. Pankhurst alivutwa chini, akatolewa nje na kurudishwa gerezani London. Watu wa Glasgow waliokuja kusikiliza hotuba walitoka wameona askari wakiwapiga wanawake, na wengi wao, ambao hawakuwa na upande hapo awali, walilalamika hadharani.

Mtu anaweza kuuliza: kama alikamatwa, mafunzo yalifaa nini? Mimi naona yalifaa sana, mradi tuyapime kwa kipimo chake. Mara kadhaa yalimwezesha mwanamke mgonjwa, anayesakwa na dola, kusema mbele ya watu na kuondoka. Pale yaliposhindwa, dola ililazimika kuonyesha ukatili wake mwangani badala ya kumnyakua kimya kimya njiani. Na kwa Walinzi wenyewe, akina Kitty Marshall aliyeandika kumbukumbu zake baadaye, yaliondoa ile hofu ya kuguswa iliyowafanya wenzao wa Ijumaa Nyeusi wawe windo. Ambacho hayakufanya ni kile kilichochorwa katika Punch. Hakuna mwanamke aliyewatawanya polisi kumi peke yake. Mwalimu anayemwahidi mwanafunzi wake jambo hilo, wakati ule au sasa, anamwuza.

Tarehe 21 Mei 1914 walijaribu kumfikia mfalme katika kasri ya Buckingham. Polisi walikuwa wengi mno. Bi. Pankhurst alipenya hadi karibu na lango, na hapo ofisa mmoja wa polisi akamkumbatia na kumbeba miguu ikining'inia. Picha yake imebaki kuwa mojawapo ya zile zinazojulikana zaidi za harakati zile. Mwezi Agosti vita kuu vikaanza, wafungwa wakaachiwa, umoja ukasitisha mapambano, na Walinzi wakatawanyika. Mwaka 1918 wanawake wa Uingereza waliotimiza miaka 30 na wenye masharti ya mali walipata kura. Usawa kamili na wanaume ulikuja kwa sheria ya Julai 1928, siku chache baada ya Emmeline Pankhurst kufariki.

William na Edith Garrud waliendelea kufundisha jujitsu hadi mwaka 1925, kisha wakaacha shule. Edith alifariki mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 99. Mwaka 2012 kibao cha kumbukumbu chenye jina lake kiliwekwa Thornhill Square, Islington, kwenye nyumba aliyowahi kuishi.